Fundi Asiyekata Suruali

Ulipompelekea suruali ndefu ukamwambia aipunguze, Fundi hakukata. Aliikunja kwa ndani, akaishona kwa mkono, akaipiga pasi ya mkaa, akakurudishia. Ukiivaa ulisikia uzito kwenye vifundo vya miguu, kama mtu aliyefungwa bandeji. Watu wa mtaa wa Majengo walikuwa wamezoea. Wageni ndio waliolalamika.

"Fundi, nguo yote hii umeijaza ndani kwa nini? Si ungekata tu?"

"Mtu hurefuka."

"Mimi nina miaka arobaini na tano. Nirefuke kwenda wapi?"

"Basi utampa mwanao."

Na hapo mazungumzo yalikwisha. Ukitaka kukatiwa, mafundi wengine walikuwepo hatua ishirini tu, ng'ambo ya barabara, na mkasi wao haukuwa na maswali.

Nasema nilimjua Fundi, lakini nilimjua kwa vipande, maana mimi sikai. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja masika mawili yakanikuta. Nimepakia mpunga Mamba, nimefunga tumbaku Katumba, nimeanika dagaa Ikola mpaka nikanuka dagaa usingizini. Nikichoka na watu naondoka, na nikichoka na mimi mwenyewe naondoka pia. Sasa nauza mitumba. Nachukua robota Mpanda, nazunguka nalo minadani, likiisha narudi kuchukua lingine. Miaka kumi na zaidi, kila niliporudi, nilipita kibarazani kwa Fundi kabla sijanawa vumbi. Yeye ndiye aliyenipa jina la Kiguu na Njia, na hata wateja wangu sasa hawajui jina langu la ubatizo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Kiguu na Njia. Umeleta nini?"

Hakuuliza kwanza habari za safari. Alitaka vitambaa vya zamani, vile vizito visivyokunjamana, ambavyo kwenye robota hujificha ndani ya mashuka na mapazia ya watu wa Ulaya waliokwisha kufa. Nikimpa kimoja alikivuta, akakinusa, akachomoa uzi mmoja akauwashia kiberiti. "Pamba hufa ikawa majivu," aliniambia mara ya kwanza. "Krimplini hufa ikawa shanga." Na kweli, uzi ulijikunja ukawa katone cheusi kigumu. Nilikaa pale nikachoma nyuzi za gauni langu mwenyewe mpaka akaninyang'anya kiberiti.

Baada ya kitambaa ndipo lilipokuja swali la pili, nalo halikubadilika mwaka hata mmoja.

"Na huko ulikokwenda, hujakutana na mzee mmoja mrefu, mwenye mwanya?"

"Wazee warefu wenye mwanya wako wengi, Fundi."

"Mimi nimekuuliza mmoja."

"Anaitwaje?"

"Sijui."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake wa kizee, au labda ni rafiki aliyepotezana naye. Niliitikia "nitaangalia" kama unavyomwitikia mtu anayekuomba umletee maji ya ziwa kwenye chupa, nikasahau kabla sijafika stendi. Mimi ninayemuuliza kila mtu kila kitu, swali hilo sikuliuliza nikataka jibu.

Alikuwa na misemo ambayo watu waliichukua kama mapambo. "Niliujua mkasi kabla ya sindano," alipenda kusema, na wateja waliona anajisifu kwamba ufundi alianza nao kinyumenyume. "Kitambaa ni kitambaa, suruali ni mtu." Huo ulikuwa wa kueleza kwa nini kitambaa kipya alikikata bila hofu, mkasi ukikimbia kama mwenda kwao, lakini nguo iliyokwisha kuvaliwa hakuitia mkasi hata ukimlipa mara mbili. Vijana waliokuja na jinzi zilizochanwa magotini kwa makusudi aliwatazama kwa huzuni iliyowaudhi. Mmoja alimuuliza, "Mzee, hujui fasheni?" Fundi akamjibu, "Naijua. Nawe shukuru umejichania mwenyewe."

Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, tena mwenye wivu na mafundi wenzake. Akiona suruali mpya imepita barabarani aliifuata kwa macho mpaka ikapinda kona, kisha akasema, "Zipu itamsaliti." Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, nami nikadhani ni unyenyekevu, kumbe kutoka nyuma ndipo unapoyaona mapindo ya watu wote wakipiga magoti. Na alipenda kujipamba. Hilo nililiona vizuri zaidi ilipoanza Jumapili ya Zilipendwa.

Ilianzishwa na mama mmoja mwenye baa, njia ya kwenda stesheni. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa tisa alasiri, watu wakishatoka ibadani na kula, palipigwa nyimbo za zamani tu, na sharti lilikuwa moja: hupati kiti kama hukuvaa nguo za enzi zile. Mwanzoni watu walimcheka. Mwezi wa tatu mji mzima ulikuwa unatafuta bugaluu, zile suruali za kubana mapajani na kupanuka chini kama tarumbeta. Waliofukua masanduku ya baba zao walikuta panya wametangulia. Na aliyejua kuishona bugaluu ikaanguka inavyotakiwa, ikafunika kiatu bila kukikanyaga, alikuwa Fundi peke yake. Kibaraza kilijaa walimu, madereva, hata karani mmoja aliyekuja kujificha nyuma ya mlango apimwe mapaja.

Jumapili yenyewe marafiki zake wawili walimfuata nyumbani ili waende pamoja. Mmoja alikuwa mzee aliyefanya kazi relini mpaka akastaafu, sote tukimwita Mzee wa Reli. Wa pili alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, naye tulimwita Nesi. Mimi nikiwa mjini nilijiunga nao. Nilivaa gauni la maksi nililolitoa kwenye robota, nywele nimezisuka kwa uzi mweusi zikasimama kama miiba ya nungunungu. Tulimkuta Fundi mbele ya kipande cha kioo, anachana nywele kwa kitana cha afro.

"Unachana nini?" Nesi alimuuliza. "Nywele zenyewe zimehamia masikioni."

"Nachana kumbukumbu. Subiri nje."

Alitoka na shati lenye kola pana kama masikio ya tembo, na viatu vya raizoni, soli nene kama tofali, alivyotembea navyo polepole kama anayevuka mto juu ya mawe. Tukakatiza Majengo sisi wanne, bodaboda wakitupigia honi, akina mama wakiacha kufua ili watuangalie. Lakini suruali ya Fundi ilikuwa ya kawaida, nyembamba, nyoofu, ya kijivu.

"Haiwezekani," alisema Mzee wa Reli, ambaye bugaluu yake ilikuwa inafagia vumbi la barabara. "Mji mzima umeuvalisha wewe, halafu mwenyewe umevaa kama mwalimu wa zamu."

"Mpishi hali chakula chake."

"Mpishi gani huyo? Mke wangu anakula kabla yetu!"

Ndani ya baa Fundi alikunywa soda moja ya machungwa, ikamtosha mpaka giza linaingia. Hakucheza. Nesi alimvuta mkono, akakataa. Alichagua kiti kinachotazama mlango, na kila aliyeingia alimwangalia kwanza usoni, kisha miguuni, halafu akarudi kwenye soda yake. Alikaa kama abiria anayesubiri basi ambalo kila mtu amemwambia limeshapita. Mimi sijui kutulia, lakini hata mimi nilichoshwa na kutotulia kwake.

Mwezi mmoja, kiangazi kikiwa kimekolea, mwenye baa alibuni mchezo. Alikuwa amesikia kwa wazee kwamba zamani suruali za vijana zilipimwa kwa chupa. Akasimama mlangoni na chupa tupu ya soda.

"Ikipita ndani ya suruali yako, karibu!" alitangaza. "Ikikwama, rudi nyumbani!"

Watu walicheka sana. Alimwinamia Mzee wa Reli, akaidumbukiza chupa kiunoni, ikashuka ikatokea chini, ikapokelewa kwa vigelegele. Zamu ya Fundi ikafika. Mama akainama kupima upana wa suruali yake ya kijivu, chupa mkononi. Fundi akashika mwimo wa mlango.

"Mama, iweke chini hiyo chupa."

"Makubwa! Fundi mzima unaogopa chupa? Kwani ina nyoka?"

"Nimekuomba uiweke chini."

Hakupaza sauti. Akageuka, akaanza kurudi alikotoka, raizoni zikimyumbisha kwenye changarawe. Mzee wa Reli alisema ni tumbo. Nesi alisema ni presha. Mimi nilivua ndala zangu nikamfuata, maana jambo nisilolijua huniwasha kama upupu.

Nilimkuta ameketi kwenye cherehani, bado amevaa kola zake. Hakunifukuza. Alivuta droo ya cherehani, chini ya mabobini na vifungo akatoa kipande cha kitambaa, upana wa kiganja, kahawia yenye mistari ya rangi ya maziwa. Upande mmoja ulikuwa na pindo. Upande wa pili ulikuwa umekatwa vibaya, kama uliotafunwa.

"Hiki nini?" aliniuliza.

"Tetroni."

"Ni suruali ya mtu."

Ndipo akasimulia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini, miaka ile bugaluu ilipoitwa uhuni. Yeye na wenzake watano walipewa chupa na mkasi, wakapangwa stesheni, treni ikifika wawakague vijana wanaoshuka.

"Ikibana, tulichana. Ikipwaya, tulikata. Hapakuwa na suruali iliyopona."

"Nani aliwatuma?"

"Tulitumwa. Lakini mkasi ulikuwa mkononi mwangu mimi."

Siku hiyo alishuka kijana mrefu kuliko wote, mwenye mwanya, na sanduku la bati. Bugaluu yake ilikuwa inafagia sakafu ya stesheni. Walimpandisha juu ya sanduku lake mwenyewe ili kila mtu aone. Fundi akakata mguu wa kushoto, gotini, akakata wa kulia.

"Nakata, na yeye anacheka, Kiguu na Njia. Meno yote nje. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka nini. Akashuka, akachukua sanduku lake, akaondoka na kaptula."

Kipande kimoja cha pindo kilibaki mkononi mwa Fundi. Alikwenda nacho nyumbani, akakigeuza, akaona pindo lake lilivyoshonwa kwa mkono, vishono vidogovidogo kama mayai ya chawa. Akajaribu kuvihesabu. Akafika mia na arobaini akapoteza hesabu.

"Kuna mtu alikaa akavishona vile kimoja kimoja. Mimi nimevikata kwa pumzi moja. Kesho yake niliomba sindano kwa mama."

Alinyoosha mkono nyuma ya mlango. Pale ilikuwa imetundikwa suruali ndani ya mfuko wa plastiki, nami kwa miaka miwili nilikuwa nimedhani ni ya mteja aliyeitelekeza. Bugaluu ya kahawia, mistari ya rangi ya maziwa. Kitambaa nilikijua mara moja. Lilikuwa pazia langu. Nililitoa kwenye robota nikitaka kulitupa, na siku nilipompa Fundi hakuchoma uzi wala kunusa. Alilikunja akaenda nalo ndani, akaniacha kibarazani na maneno yangu mdomoni.

"Nataka aivae mbele yangu nikiwa bado naona," alisema. "Macho yameanza kuingia ukungu. Jana nilijaribu kutunga sindano nikadhani nimetunga, nikashona nusu ya mkono wa shati bila uzi. Nikipofuka kabla hajaivaa, nitakuwa nimekata tu. Sitakuwa nimeshona."

Nilipiga hesabu ya mara ngapi alikuwa ameniuliza na mara ngapi nilikuwa nimejibu bila kusikiliza. Aibu ikanishika. Kesho yake asubuhi nilikuwa barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nakwenda mahali kwa sababu.

Alinipa mabaki ya pazia, maana kipande chenyewe hakukiachia. Nikiuza mitumba niliyaweka juu ya lundo, na kila mzee aliyepita nilimsimulia. Katumba mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufu, mwenye Kirundi bado kwenye ulimi, alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Binti yangu, sisi wakimbizi tulifika hapa na nguo za mwilini. Bugaluu tungeitoa wapi? Huyo si wa kwetu." Ikola wavuvi walinicheka: "Huku suruali zinakunjwa mpaka magotini, huyo fundi wako angekosa cha kukata!" Nikarudi Mpanda, nikachukua robota, nikapanda gari la Mpimbwe kwenda Mamba, vioo vyote vimefungwa porini tusiingiliwe na mbung'o, jasho likitutiririka kama tuliotubu.

Mnadani Mamba bibi mmoja mfupi alichukua kile kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba.

"Hii mistari naijua."

"Unaijua vipi, bibi?"

"Mume wangu alikuja kunichumbia na kaptula ya mistari hii." Akacheka mpaka akajishika magoti. "Mtu mrefu kama nguzo ya simu, na kaptula! Shangazi zangu walikimbilia jikoni kucheka. Baba akasema, mwacheni, mwanaume anayekuja kuoa na kaptula angalau hafichi miguu."

Nilimwachia jirani biashara yangu, nikamfuata. Mume tulimkuta uani anatembea juu ya turubai, anageuza mpunga kwa nyayo ili ukauke pande zote. Alikuwa na mwanya. Nilimwamkia, nikamwambia kuna fundi Mpanda amemshonea suruali.

"Kwa nini?"

Mkewe ndiye aliyesema, "Si atakuwa yule wa stesheni."

Mzee aliendelea kugeuza mpunga mpaka mwisho wa turubai, akarudi.

"Yule aliyekuwa anacheka?"

"Yeye anasema wewe ndiye uliyecheka, mzee."

"Mimi?" Alisimama. "Suruali ile ilishonwa na mama yangu. Alianza kuishona nikiwa nyumbani akaimaliza anaumwa. Nilikuwa naivaa kwenda kwa wakwe. Nicheke nini? Mtu mwenye mwanya akilia, watu huona anacheka."

Nikamweleza Jumapili ya Zilipendwa, siku yake, na mahali. Sikumbembeleza. Alisema tu, "Nina mpunga juani," nami nikaondoka bila kujua kama hilo lilikuwa jibu.

Fundi nilimwambia nimempata. Aliuliza swali moja.

"Bado mrefu?"

"Mrefu," nilisema. "Kama nguzo ya simu."

Hilo ndilo kosa langu. Nilichukua maneno ya mkewe nikampa kama yangu. Macho yangu yaliona mgongo uliopinda na magoti yaliyolegea, lakini baada ya kumsikia bibi yule nilibeba kichwani kijana wa stesheni, sikumbeba mzee wa turubai. Fundi akaiacha suruali na urefu wake wote.

Jumapili ilipofika tulikwenda mapema. Fundi alinyoa. Alipiga pasi shati mara mbili. Njiani hakuna aliyetania, hata Nesi. Mwenye baa, ambaye Mzee wa Reli alikuwa amemdokeza jambo, hakuwa na chupa mlangoni; alikuwa ameisimamisha mezani, ameitia ua la plastiki. Fundi alikaa kwenye kiti chake, mfuko wa suruali mapajani. Mimi nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu wa Karema. Gari lilikuwa liondoke saa kumi na moja, na nilikuwa nimewaambia naaga tu.

Saa tisa hakuna. Saa tisa na nusu aliingia karani na bugaluu yake, Fundi akanyanyuka nusu akarudi kukaa. Saa kumi alisema, "Mpunga ukiwa juani mtu hawezi kuuacha," akinifariji mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyengoja miaka hamsini.

Walifika saa kumi na dakika kidogo, mavumbi ya porini bado kwenye nyusi zao. Bibi alikuwa na gauni la maua lenye mikono ya puto. "Nimevaa la zamani," alimwambia mwenye baa, "si kwa sharti lenu, sina jingine." Mzee alisimama nyuma yake, koti limemning'inia, anaangalia meza moja moja.

Fundi alisimama.

"Shikamoo," alisema.

Meza zilizo karibu ziligeuka. Wale wawili walikuwa wa umri mmoja, na mtu hamwamkii mwenzake hivyo.

"Mimi na wewe rika moja," alijibu mzee wa Mamba. Hakumpa mkono. "Lete hiyo suruali."

Alikwenda kubadilisha chumba cha makreti. Tulimsikia mkewe akimwambia shika ukuta, inua mguu, si huo. Alipotoka, kiuno kilikuwa sawa kwa msaada wa mkanda. Mapaja yalikaa. Lakini chini suruali ilimwagika sakafuni, imemfunika nyayo zote, kama kanga mbili zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Kijana mmoja wa meza ya nyuma alicheka. Nesi alimtazama, kijana akaacha.

Nikatamani kutoka nje. Fundi alinigeukia mara moja tu. Kisha alipiga magoti, pini mdomoni, akaanza kukunja kwa ndani.

"Unafanya nini?" mzee wa Mamba aliuliza.

"Naikunja."

"Usikunje. Itakuwa nzito. Nitajikwaa nikipanda gari. Kata."

"Mimi sikati."

"Unakata. Nilikuona."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola. Muziki ulikuwa bado unapigwa. Mwenye baa akaupunguza.

"Siwezi kukukata mara ya pili," Fundi alisema.

"Safari ile ulitumwa," alisema yule mzee. "Leo nimekutuma mimi. Kata, watu wanataka kucheza."

Akatafuta pa kusimama. Aliona kreti la soda, akaligeuza kwa mguu, akapanda, mkewe amemshika kiuno. Fundi alibaki na mkasi mkononi, anasogeza uso karibu na kitambaa, anarudi nyuma, anasogea tena. Nikaelewa. Nikachukua chaki mfukoni mwake, nikapiga magoti, nikamchorea mstari kuuzunguka mguu wa kushoto, mnene, mweupe, wa kuonekana hata na kipofu. Kisha wa kulia.

Alikata taratibu. Nimemwona akikata vitambaa mara mia, mkasi ukikimbia. Siku ile kila alipobana vidole alisimama, akapumua, akabana tena. Ilichukua karibu wimbo mzima. Vipande viwili vilianguka juu ya kreti.

"Nipe," alisema mzee wa Mamba.

Fundi akampa. Halafu akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kile cha zamani kilichotafunwa, akakiweka juu ya vile viwili. Yule mzee alikigeuza upande wa pindo. Alipitisha kidole gumba juu ya vishono, taratibu, kama anayesoma. Mkewe akasogea kuangalia.

Nje gari la Karema lilipiga honi. Likapiga tena. Mzigo wangu ulikuwa ndani ya gari lile.

Mzee alikitia kile cha zamani mfuko wa ndani wa koti. Vile viwili vipya akamrudishia Fundi.

"Cha mama naondoka nacho. Hivi kaa navyo wewe."

"Nivifanyie nini?"

"Uviweke. Huenda nikarefuka."

Na mdomo ukafunguka, meno yote nje, mwanya ukaonekana. Fundi aliinua uso kutoka pale sakafuni, akakunja macho, akausogelea mdomo ule kama alivyousogelea mstari wa chaki.

"Unacheka au unalia?"

"Shona pindo kwanza," alisema yule mzee.

Fundi akatoa sindano kwenye kola, akaulamba uzi, akajaribu. Ukapita pembeni. Akajaribu tena. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Mwache," alisema mzee wa Mamba kutoka juu ya kreti.

Tukamwacha. Mara ya tatu ukapita.